Gari Nililolisingizia Kutu

Mtu akitunga uongo hujipamba. Hujifanya shujaa, yeye ndiye aliyemkemea jini, yeye ndiye aliyebaki wima wenzake wakikimbia. Mimi katika haya nitakayokueleza ni mwizi, tena mwizi wa rafiki. Kwa hiyo ukifika mahali ukaona hayaaminiki, jiulize jambo moja tu: ningepata faida gani kujitungia aibu? Yalinipata mimi mwenyewe, hapa Toronto, na wala si usiku wa manane. Yalianza saa kumi ya jioni, siku ya Jumamosi, nikiwa na akili zangu timamu na tumbo limeshiba.

Mimi ni fundi magari. Kazi nilijifunzia Morogoro, nikaja nayo huku, na miaka mingi sasa naishi Weston, kwenye magorofa ya zamani yanayotazama mto. Waswahili wa hapa wakitaka kununua gari lililotumika, wengi hunipigia simu kwanza. "Fundi, twende ukalitazame." Nami huenda, nalala chini, nagonga, nanusa, kisha natoa neno. Nikisema zima, linanunuliwa siku hiyo hiyo. Nikisema bovu, mwenye gari aweza kuapa mpaka akauke koo, hakuna atakayemsikiliza.

Aliyenijengea jina hilo ni kaka Hamisi. Yeye ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, mwezi wa kwanza, nimevaa kijikoti cha mvua na viatu vya kitambaa. Alivua koti lake palepale akanivika. Nililala sebuleni kwake Lawrence Heights majira yote ya baridi, na mkewe, shemeji Zuhura, akinifungia chakula cha kazini kila asubuhi kama vile mimi ni mtoto wa kumzaa. Hamisi ni dereva wa basi la jiji. Mpole, hana makuu, hajawahi kunikumbusha hata siku moja kwamba alinilisha.

Ana kiu moja tu maishani: magari ya michezo ya Kimarekani ya zamani. Yale ya milango miwili, boneti ndefu kama meza ya karamu, mngurumo wa kutetemesha vioo vya madirisha. Marehemu baba yake alikuwa dereva kwenye shamba la mkonge, na ukutani kwao ilining'inia kalenda iliyopitwa na mwaka wake zamani sana. Haikuondolewa kwa sababu ya picha ya gari jekundu la aina hiyo. Hamisi alikua akiitazama. Jina la kampuni iliyolitengeneza silitaji, maana kosa si lao.

Basi alipokaribia kustaafu akaona tangazo. Gari lenyewe, rangi ileile, liko mji mdogo kaskazini ya Vaughan. Siku ya kwenda kulitazama ikaangukia zamu yake.

"Mdogo wangu, nenda wewe," akaniambia kwenye simu, na nilisikia furaha sautini mwake. "Ukisema nichukue, nachukua. Ukisema niache, naacha. Wala sitakuuliza mara mbili."

Mwenye tangazo alikuwa mwanamke. Akanieleza kwamba atakuwa kazini, mlango wa gereji hautafungwa, ufunguo umo ndani ya gari, nikague nipendavyo.

Nikafika. Ilikuwa Novemba, miti imebaki vijiti, jua limeshainama. Nikasukuma mlango wa gereji, na ndani nikamkuta mzee wa Kizungu amesimama kando ya gari. Amevaa sweta ya kahawia iliyotoboka kiwiko, na viatu vizito vya kazi. Nilivitazama viatu vile kwa sababu kimoja kilikuwa na kamba nyekundu na kingine nyeusi. Nikadhani ni baba wa yule mwanamke. Wewe ungedhani nini?

"Umekuja kununua?" akauliza.

"Nimekuja kumtazamia rafiki yangu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyefurahi. "Basi tazama vizuri. Ya rafiki hutazamwa mara mbili."

Kisha akanikagulisha gari lake. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kuona muuzaji wa namna ile. Wauzaji wote huficha, yeye alifunua. Akanipa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, akaniambia niipitishe kwenye bodi, chini ya milango na juu ya matairi ya nyuma, pale ambapo watu huziba kutu kwa puti na kupaka rangi juu. Puti haishiki sumaku. Kila mahali ikashika. Akaniambia niinue zulia, nikainua, sakafu ni chuma kitupu kinachong'aa. Akanionyesha namba ya kwenye injini na ya kwenye bodi, zikalingana. Akanitaka niguse injini kabla ya kuwasha, nijue kwamba haikupashwa moto kabla sijafika, maana injini mbovu hupashwa moto ili ifiche ugonjwa wake. Ilikuwa baridi kama jiwe. Nikawasha. Iliwaka mara moja, moshi mweupe kidogo wa baridi, kisha hewa safi. Gia zikaingia laini, moja baada ya nyingine.

"Sasa lala chini," akasema.

Nikuambie kitu, nawe ukishike. Gari la zamani la Kimarekani halifi kwa injini. Injini yake ni rahisi, kila fundi anaiweza, na vipuri vipo hadi leo. Huku linauliwa na chumvi. Barabara zetu humwagiwa chumvi msimu mzima wa baridi kuyeyusha barafu, na ile chumvi hupanda ndani ya chasisi ikatafuna polepole, na wewe juu unaona rangi inameta tu. Ndiyo maana anayenunua lazima alale chini. Nikalala, na nyundo ndogo, na tochi. Kila nilipogonga, chuma kiliitika. Ngaa. Ngaa. Sijawahi kuona chasisi ya umri ule ikiwa vile. Gari lile halikuwa limeonja theluji hata siku moja.

Na ni palepale, nimelala chali kwenye saruji, ndipo tamaa iliponiingia. Sitaki kukudanganya kwamba ilinijia polepole au kwamba nilipigana nayo. Niliona tu picha: mimi ndani yake, kioo kimeshushwa, msimu mzima wa joto. Miaka thelathini natengeneza magari ya watu wengine. Nikajisemea, Hamisi atalifanyia nini? Atalipaki alitazame. Atakwangua gia. Ndivyo moyo unavyoongea ukishaamua.

Nilipotoka chini yule mzee alikuwa ananitazama.

"Utamweleza rafiki yako ulichokiona?"

"Nitamweleza."

"Sawa," akasema, akapangusa boneti kwa mkono wa sweta. "Basi liwe vile utakavyomwambia."

Niliona ni msemo wa kizee tu. Nikashukuru nikatoka. Ni baadaye sana nilipoanza kujaribu kukumbuka yule mzee aliongea nami kwa lugha gani. Mpaka leo sikumbuki. Maneno ninayo, lugha sina.

Nikampigia Hamisi nikiwa ndani ya gari langu, kabla hata ya kuondoka mtaani kwao.

"Kaka, achana nalo."

"Eh? Limeharibika?"

"Limepakwa rangi tu. Chasisi imeoza nyuma upande wa kushoto, kidole kinapenya. Sakafu chini ya zulia ni matundu. Gia ya pili inaruka. Na injini inatoa moshi wa bluu, inakula oili."

Unaona jinsi uongo unavyokuja na ushahidi wake? Hakuna aliyeniuliza upande gani. Nilisema kushoto ili iaminike.

Nyuma yake nikasikia watu wanashuka kwenye basi. "Ahsante mdogo wangu," akasema. "Ningepanda na Zuhura kwenye gari kama hilo, tungeumia. Umetuokoa. Mungu akulipe."

Nikaitikia amina. Niliitikia, niamini.

Wiki mbili baadaye nikalinunua. Nilikuwa nimekodi gereji ndogo kwenye uchochoro usio mbali na kwangu, mahali ambapo Hamisi hana sababu ya kupita. Yule mwanamke alikuwa nyumbani siku hiyo, mtu wa makamo, macho ya uchovu. Tulipomaliza karatasi nikamwambia, kwa adabu tu, "Mshukuru sana baba. Alinikagulisha vizuri siku ile."

Akaacha kuandika. "Baba yupi?"

"Mzee aliyekuwa gereji. Mwenye sweta ya kahawia."

Hakupiga kelele wala hakuzimia, kama watu wanavyofanya kwenye hadithi. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Sweta imetoboka hapa?" akagusa kiwiko chake. Baba yake alikuwa amefariki tangu kabla ya kiangazi. Ile sweta alizikwa nayo, kwa sababu alikuwa hataki kuivua.

"Alikuambia nini?" akauliza, na machozi yanamtoka. "Tafadhali, alisema chochote?"

Mtoto wa watu anataka neno la mwisho la baba yake. Neno lenyewe ninalo, lakini ningelitoaje bila kujivua nguo? Nikamwambia, "Alisema nilitazame vizuri." Nikachukua ufunguo nikaondoka mbio.

Gia ya pili iliruka kabla sijafika barabara kuu.

Nilijiambia ni baridi. Nikairudisha, ikaruka tena. Kwenye taa za barabarani nikatazama kioo, nyuma yangu hewa imegeuka bluu, dereva aliyenifuata anapunga mkono mbele ya pua. Nikafika gereji. Nikafunga mlango, nikainua zulia. Nikaona saruji. Sakafu ilikuwa matundu, mengine yanapitisha ngumi, na kingo zake zimemomonyoka kama mkate mkavu. Kutu ya miaka ishirini, kwa siku kumi na nne.

Chini sikutaka kulala. Nililala. Nyuma, upande wa kushoto, nikaweka kidole kwenye chasisi, kikapenya.

Upande wa kulia nikagonga, ngaa. Kushoto tu. Mahali pale nilipopataja mimi.

Ungedhani mtu akiona hivyo atakimbia kwa rafiki yake akaanguke miguuni. Mimi nilinunua mabati. Miezi mitatu ya baridi nilikuwa nikitoka kazini naenda kuchomelea kwa siri. Mimi ni fundi, nilijiambia, kilichooza huchomelewa. Lakini nikichomelea leo, kesho yake bati limejikunja limeachia, na kutu imetambaa palepale, haisogei mbele wala hairudi nyuma. Injini nilishusha na kupandisha upya. Moshi ukatoka wa bluu. Na wakati huo wote Hamisi ananipigia Ijumaa kwa Ijumaa: "Mbona umepotea? Shemeji yako amepika pilau." Nasema kazi nyingi. Mara moja alinisimulia kwamba ameota lile gari. Akacheka. "Afadhali uliniambia ukweli," akasema.

Siku moja ya Februari, Jumapili mchana, nilikuwa chini ya gari na mashine ya kuchomelea. Jua linaingia kwenye upenyo wa mlango. Nikazima mashine, nikainua kinyago, na kando ya tairi la mbele nikaona viatu. Kamba moja nyekundu, moja nyeusi.

Mlango nilikuwa nimeufunga kwa ndani.

Sikupiga kelele. Nikamsikia akivuta pumzi, kama mtu aliyetembea mbali.

"Umeshamwambia?"

Nikasema, "Bado."

Vile viatu vikasimama palepale, muda mrefu, kama mgeni anayesubiri chai. Nikafumba macho. Nilipofumbua havikuwepo, na mlango ulikuwa bado na komeo lake. Sasa niambie, ni kitu gani kilichonitisha zaidi? Si yule mzee. Ni kwamba hakukasirika. Aliuliza vile mtu anavyouliza kama barua imefika.

Nikaenda Lawrence Heights na nguo zangu za kazi. Walikuwa wamekaa, shemeji Zuhura anamimina chai, binti yao yuko kwenye kochi na simu yake. Zuhura akafurahi kuniona. "Leo mwezi umeandama wapi! Karibu shemeji, kaa." Akaniletea kikombe kabla sijasema lolote. Nikasema nitasimama tu, maana nilijua nikikaa na kunywa sitasema.

Nikawaeleza yote. Tamaa, uongo, gereji ya kukodi. Yule mzee pia nilimtaja. Binti aliinua kichwa akamtazama baba yake, akaiweka simu kando. Zuhura aliweka birika chini taratibu, akaingia jikoni.

Hamisi aliweka kikombe chake mezani. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniomba?"

"Kaka?"

"Ungesema unalitaka. Ningekuachia."

Nilijua ni kweli. Mtu aliyevua koti lake Januari angeshindwa kuacha gari? Sijapata kupigwa kibao kikali kama sentensi ile.

Akavaa koti. "Nipeleke nikalione."

Tulikwenda kwa gari langu. Pale gereji alilizunguka mara moja, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi kama aliyegusa kitu cha mtu mwingine. Akachukua tochi na nyundo yangu, akalala kwenye saruji na koti lake zuri.

"Ni wapi palipooza?"

"Nyuma, kushoto."

Nikasikia anagonga. Ngaa. Akagonga tena. Ngaa. "Hapa ni pazima," akasema.

Nikajitupa chini karibu naye. Tukawa tumelala bega kwa bega, wazee wawili chini ya gari. Chasisi ilikuwa nzima. Hakukuwa na alama ya kuchomelea, wala bati hata moja. Mabati niliyonunua yalikuwa yamepangwa kwenye kona, hayajakatwa. Nikainua zulia: chuma kinang'aa. Nikawasha: hewa safi. Nililia kwa furaha, nikajua nimesamehewa, nikautoa ufunguo nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Ni lako, kaka. Tangu mwanzo lilikuwa lako. Ni zima, wallahi ni zima."

Hamisi akautazama ule ufunguo. "Novemba uliniambia bovu," akasema, bila hasira yoyote. "Leo unaniambia zima. Mimi nitajuaje?"

Akauweka juu ya boneti, akapangusa koti lake vumbi, akaenda kupanda basi.

Hilo ndilo ambalo sikulitarajia. Gari lilirudi, neno langu halikurudi. Na hakumwambia mtu. Angenitangaza msikitini ningepumzika. Amenisitiri, na watu bado wananipigia: "Fundi, njoo, wewe ndiye mkweli." Nakwenda, nalala chini, na kabla ya kusema lolote nagonga mara tatu tena, kwa hofu. Wananisifu kwamba siku hizi nimekuwa makini sana. Lile gari bado liko gereji. Siwezi kuliendesha. Kuliuza nimejaribu, lakini mnunuzi anapouliza, "Lina kasoro yoyote?" ulimi unaniganda, naye anaondoka akidhani nina la kuficha.

Kiangazi kilichopita Hamisi alinunua jingine, la kijani. Hakumwita mtu kulikagua. Niliposikia nilitaka kupiga simu nikakosa uso. Kisha siku moja mchana, kwenye barabara ya kwenda kaskazini, nikaliona limesimama pembeni, boneti wazi, mvuke unapanda, naye kasimama kando na mkewe amekaa kwenye nyasi na mwavuli. Nikapaki. Nilivuta sanduku la vifaa mpaka nikajikata kidole. Kwa mbali tu nilishaona ni mpira wa maji uliopasuka. Kazi ya dakika kumi.

"Kaka Hamisi, ngoja nikuangalizie."

Akanipa mkono kwa heshima, akaniulizia afya yangu, akaniulizia kazi. "Ahsante, fundi," akasema. "Usihangaike. Nimeshamwita mtu."

Fundi. Si mdogo wangu. Nilisimama pale na sanduku langu mpaka lilipofika gari la kuvuta.

Kwa hiyo wewe unayetaka gari la namna hii, nenda na sumaku, inua zulia, iguse injini ikiwa baridi, na chini lala mwenyewe, hata ukiwa na suti ya harusi. Na kama wewe ndiye unayetumwa kumtazamia mwenzio, ukisikia tamaa inakupanda ukiwa bado chini, kaa hukohuko chini. Usitoke mpaka ipite. Usiguse simu.